Ski za Mguu wa Alasiri

Gebhard Tschofen alikuwa na sheria moja ya kuchagua ski, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, na hakuna mgeni aliyetoka dukani kwake bila kuisikia: ski huchaguliwa kwa mguu wa saa tisa alasiri, si kwa mguu wa saa tatu asubuhi. Asubuhi, alisema, kila mtu ni bingwa. Kahawa imo tumboni, jua limempiga usoni, mguu unatii. Mtu huvunjika alasiri, kwenye mteremko wa mwisho, misuli ikitetemeka, theluji iliyolainika mchana imeanza kuganda tena, na ile ski ndefu aliyoichukua kwa majivuno inakataa kugeuka.

Sheria hiyo aliishika kwa wageni wote. Wenye vyeo aliwaambia, na wenye haya aliwaambia vilevile. Mtu mmoja tu ndiye aliyesamehewa, naye alikuwa Gebhard mwenyewe.

Kwetu Ausserbach, kijiji cha milimani, nyumba ya walimu wa ski ina chumba kirefu chenye harufu ya nta ya kupaka ski na soksi mbichi, na ukutani pana chanja la mbao ambapo kila mwalimu husimamisha ski zake. Husimamishwa kwa urefu. Mwenye ndefu kuliko wote yuko wa kwanza, upande wa mlango, na yeye ndiye anayepewa kundi la kwanza: wageni wanaojua kuteleza, wanaorudi kila majira ya baridi na kumuulizia kwa jina. Anayefuata hupewa kundi la pili, na hivyo hivyo mpaka mwisho kabisa, karibu na jiko la kuni, zilipo ski fupi za wale wanaowafundisha watoto kuanguka bila kulia. Hakuna aliyeuandika utaratibu huo wala kuujadili. Mwalimu hupanda chanjani kadiri anavyokomaa, na hutoka siku ya kustaafu. Kushuka nafasi huku angali anafundisha ni jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

Ni ujinga, nasema wazi. Urefu wa ubao haujawahi kumfundisha mtu lolote. Lakini ujinga ambao kijiji kizima kimeukubali huwa na nguvu kuliko amri ya serikali, kwa sababu amri ya serikali mtu anaweza kuilalamikia.

Gebhard alikuwa wa kwanza. Ski zake zilikuwa na urefu wa mita mbili na sentimita kumi, ngumu kama boriti, na alikuwa amezitumia tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Na kwa desturi yetu, wageni wa kundi la kwanza hulala nyumbani kwa mwalimu wao. Mkewe, Kreszenz, aliwapikia, akawafulia mashuka, na vyumba vya juu vya nyumba yao vilijaa kuanzia Krismasi hadi Pasaka. Kundi likihama, wageni nao huhama. Kwa hiyo zile mbao mbili zilizosimama karibu na mlango zilikuwa zimebeba nyumba nzima.

Vuli ile, akiburuta magogo ya kuni kutoka msituni, mguu wake wa kulia ulinasa kwenye mzizi na goti likajipinda. Daktari wa mjini alilishika, akalizungusha, akamwambia kwamba bila operesheni halitabeba tena mzunguko wa ghafla. Kunyooka litanyooka, kuegemewa litaegemewa, ila kugeuza kwa nguvu, lisahau. Operesheni ilimaanisha kulala majira yote ya baridi. Na mwalimu aliyelala majira ya baridi hukuta mtu mwingine amesimama mahali pake.

Gebhard alirudi nyumbani, akasema daktari hakuona kitu.

Kreszenz hakudanganyika, maana alimwona anavyopanda ngazi. Kila jioni baada ya kazi alimkalisha jikoni, akampaka maziwa mgando baridi gotini na kulifunga kwa kitambaa, kama mama zetu walivyotufanyia sote.

“Nyoosha mguu.”

“Taratibu, mke wangu. Huo si unga unaoukanda.”

“Unga ungekuwa na akili kukuzidi. Chukua zile za mita moja na tisini. Si unazo dukani? Kila anayeingia unampa hizo hizo.”

“Nikizichukua, chanjani nitakuwa wa ngapi?”

Kreszenz alikaza fundo la kitambaa.

“Nakuuliza. Wa ngapi?”

“Wa nne.”

“Wa tano. Luis Falch atakuwa wa kwanza. Na mke wa Luis ana vyumba vipya vyenye maji moto. Sasa huko juu atalala nani? Panya?”

“Basi usiniletee tena goti lako hapa,” alisema Kreszenz, akainuka kwa hasira kwenda kutia kuni kwenye jiko. Kesho yake jioni bakuli la maziwa mgando lilikuwa tayari mezani kabla Gebhard hajavua buti.

Hivyo ndivyo walivyoishi mpaka Januari. Aliwapeleka wageni kwenye miteremko mipana, iliyolainishwa, ambapo ski ndefu hukata mzunguko mkubwa na goti halina kazi. Walipomuuliza mbona mwaka huu hawaendi kwenye matuta ya theluji, ambako mtu hugeuka kila hatua, alisema theluji bado. Kisha mvua ilinyesha usiku kucha, mbingu ikasafika, baridi kali ikashuka, na mlima mzima ukaganda. Theluji sasa haikumpa kisingizio chochote. Ilikuwa ngumu kila mahali.

Wiki hiyo alifika Hedwig Lohmeyer.

Hedwig alikuwa mfamasia mstaafu kutoka mji wa Kassel, mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusema na wagonjwa wabishi. Alikuwa amemfuata Gebhard kwa miaka mingi, tangu alipokuwa akianguka mpaka alipoacha kuanguka. Mteremko mmoja tu wa bonde letu ulikuwa umebaki kwake: ule tunaouita Ukuta. Katikati ya Ukuta pana matuta matupu, makubwa, yaliyochongwa na ski za watu tangu theluji ya kwanza, kila moja laweza kumficha ng'ombe aliyelala. Pembeni, upande wa kaskazini usioona jua, upepo hupangusa theluji yote na kubakisha barafu inayong'aa.

“Mwaka huu naushuka,” alimwambia Gebhard dukani, kabla hata ya kuvua glavu. “Mwakani sijui kama magoti yatakubali. Nichagulie ski.”

“Inua mkono, mama Hedwig.”

“Nauinua. Nikamatwe?”

“Zamani wangekwambia ncha ifike kwenye kifundo cha mkono. Mimi nasema ikomee kwenye paji la uso.”

“Yaani nimekuwa mfupi.”

“Ukuta ndio umekuwa mrefu.”

Alilaza jozi mbili juu ya kaunta. Alimpa ya kwanza aishike katikati kwa mkono mmoja na kuivuta ncha kwa mkono wa pili.

“Imekataa,” alisema Hedwig.

“Hiyo ni ya barafu. Haipindi, haisokoteki, na makali yake yanauma mpaka nchani. Ukiisimamia kwenye theluji ngumu, inashika kama koleo. Lakini ukiipeleka matutani, kila tuta litakurusha juu kama gunia la viazi.”

“Na hii?”

“Hii ni laini mbele. Inagonga tuta, inainama, inapita. Ncha na mkia nimezipiga tupa, makali yamekuwa butu, isinasenase. Unaigeuza kwa kidole cha mguu. Ila ukiiweka kwenye barafu, inakwenda inakotaka yenyewe, wewe utakuwa abiria.”

“Nipe inayoweza yote mawili.”

“Anayeiuza hiyo, ukimwona shika pochi yako.”

Hedwig alicheka. Gebhard naye alicheka, na kwa kitambo kidogo alikuwa mzima, asiye na maumivu, aliyesimama mahali anapopajua.

“Njia kwanza, ski baadaye,” alisema. “Nikikupa hizi laini, tutapita matutani tangu juu mpaka chini, katikati ya Ukuta. Ile barafu ya kaskazini hatuigusi hata kwa fimbo.”

“Unaniahidi?”

“Nakuahidi.”

“Basi hizo laini.”

Alipokuwa akimkazia vifungio vya ski kwa kipimo cha buti zake, Hedwig alimtazama kutoka juu.

“Na wewe unashuka na zipi?”

“Zangu za siku zote.”

“Zile ngazi?”

“Ndizo.”

“Gebhard, nimeuza dawa za maungo maisha yangu yote. Naona mtu anavyochuchumaa.”

“Sakafu ya duka hili imeinama, mama Hedwig.”

“Eeh,” alisema. “Huenda imeinama.” Alitia ski zake begani, akatoka.

Mtu anapofunguliwa mlango na mwenzake kwa upole namna ile, kisha akaufunga kwa mkono wake, hana tena wa kumlaumu. Gebhard alibaki peke yake na jozi nyingi za ski fupi zimemzunguka kila upande, zote zikimfaa, hata moja asiweze kuigusa.

Asubuhi iliyofuata, chumba cha walimu kilikuwa kimejaa mvuke wa kahawa. Luis Falch, kijana mwenye mabega mapana aliyesimama wa pili chanjani, alikuwa akinoa makali ya ski zake na kutazama za Gebhard.

“Kaka Gebhard, hizo bado zinakua? Naona leo zimegusa dari.”

“Zako ndizo zimedumaa. Zimwagilie maji.”

“Mtu akichoka apumzike, kaka. Nafasi nitakutunzia.”

“Itunze ndotoni.”

Wenzao walicheka. Mkuu wa walimu, Meinrad Gapp, aliweka kikombe chini. “Sikilizeni. Ukuta leo ni mgumu, na upande wa kaskazini umekuwa kioo. Anayetaka kuahirisha aahirishe. Hakuna atakayemcheka.”

Kila mtu mle ndani alijua kwamba wote wangemcheka.

Chumba kile kina mlango unaoingia moja kwa moja dukani. Gebhard aliuendea. Aliweka mkono kwenye kitasa. Hatua chache tu mbele, upande wa kushoto, zilikuwa zimetundikwa zile za mita moja na tisini, laini, alizozipiga tupa mwenyewe. Goti lilikuwa linapwita ndani ya kitambaa. Nyuma yake kelele ya tupa ya Luis ilinyamaza.

“Umesahau nini, kaka?”

“Nta,” alisema Gebhard. Aliingia, akachukua kipande cha nta asichokihitaji, akarudi nacho.

Wageni walikuwa watano. Kwetu kundi humfuata mwalimu mmoja nyuma ya mwingine, kila mtu ndani ya mkondo wa aliyemtangulia, na mwanafunzi hapiti chini ya mwalimu mpaka mwalimu ainue fimbo yake ya ski na kumruhusu. Ndivyo walivyofundishwa baba zetu, na mgeni anayekaidi huachwa nyuma kesho yake. Hedwig alikuwa wa kwanza nyuma ya Gebhard, kisha bwana mmoja mnene mcheshi aitwaye Brandis, kisha wengine.

Matuta ya juu yameachana, na Gebhard aliyapita kwa ujuzi. Alitafuta nafasi pana, akateleza kwa ubavu pale alipoweza, akageuza kwa mguu wa kushoto na kuuburuta wa kulia. Nyuma yake alisikia ski za Hedwig zikigonga na kuteleza, kugonga na kuteleza, mwendo mmoja, bila kusitasita. Ni sauti ambayo mwalimu huisubiri kwa miaka. Alipaswa kuifurahia.

Katikati ya Ukuta matuta hukaribiana. Hapo ski ya mita mbili na kumi haina mahali pa kukaa. Gebhard alishuka kwenye kibonde kati ya matuta, akataka kugeuka kulia, na goti likakataa. Halikuuma hata kidogo. Lilikataa tu, kama mlango uliopigwa msumari. Ski zake zilisonga mbele zikapanda: ncha juu ya tuta moja, mikia juu ya tuta lingine, katikati hewa tupu. Alisimama juu ya daraja alilolileta mwenyewe. Mbele, tuta. Nyuma, tuta. Chini, mteremko ambao angeufikia kwa kugeuka tu, na kugeuka ndiko kusikowezekana.

Nyuma yake kundi zima lilisimama.

Lifti ya viti, inayowapandisha watu mlimani kwa waya, hupita juu ya Ukuta. Wakati ule ule kundi la pili lilikuwa linapanda, na Luis alikuwa kwenye kiti cha mbele, miguu ikining'inia.

“Mwalimu!” aliita kutoka juu. “Unapiga picha?”

Wageni wake walicheka. Kiti kilikwenda polepole, kama lifti hii iendavyo siku zote, na vichwa viligeuka kumtazama.

“Gebhard?” alisema Hedwig. Sauti yake ilikuwa tulivu. “Njia naiona. Tuta lile, halafu lile jembamba, halafu kuna uwazi. Ukitaka tangulia, ukitaka niruhusu nipite.”

Angeinua fimbo tu. Hedwig angepita, na wengine wangemfuata, na yeye angevua ski zake akashuka kwa miguu, kama alivyowafundisha mamia ya watu kwamba si aibu. Lakini kiti cha Luis kilikuwa bado juu yake. Alitazama juu, akatazama chini, kisha akatazama kushoto, kaskazini, ambako matuta yaliishia na barafu ikaanza. Kule hakuhitaji goti. Kule mtu huegemea tu na kuacha makali marefu yaume. Kwa ski zake, ile barafu ilikuwa mlango pekee uliobaki wazi.

Kwa ski za Hedwig haikuwa mlango, na yeye ndiye aliyejua hivyo kuliko mtu yeyote duniani.

“Nifuateni,” alisema. “Kushoto.”

“Kushoto?”

“Kidogo tu. Tunazunguka.”

“Uliniambia hatu...”

“Nifuate, mama Hedwig.”

Akajisukuma kwa fimbo zote mbili, ski zikateleza kutoka juu ya daraja lao, akavuka matuta mawili ya mwisho kwa ubavu na kuingia barafuni. Hedwig alimfuata. Miaka yote ile Gebhard alikuwa amemfundisha kufuata, naye alikuwa mwanafunzi mzuri.

Barafu ilimpokea kwa sauti ya sahani inayokwaruzwa. Ski zake laini zilitafuta mahali pa kushika, hazikupata. Mkia ulikwenda chini, ncha ikabaki juu, akaanguka kwa ubavu wa kulia. Alipita karibu sana na Gebhard. Gebhard alimnyooshea fimbo, na Hedwig akainyooshea mkono, glavu ikagusa kitanzi cha fimbo, kisha akaendelea kushuka, haraka zaidi, bila kupiga kelele, mpaka kwenye nguzo ya lifti chini ya Ukuta. Nguzo ilikuwa imezungushiwa mbao kuwakinga watu. Mbao zilisaidia kadiri zilivyoweza.

“Msisogee!” Gebhard aliwapigia kelele waliobaki. “Bakini matutani! Msisogee!”

Alishuka peke yake. Ski zake zilishika ile barafu kila hatua, hazikuteleza hata mara moja. Hazijawahi kumtii vizuri kama siku ile.

Hedwig alikuwa amelala chali, macho wazi, uso umekuwa rangi ya majivu.

“Usiniguse,” alisema. “Ni nyonga. Haiko mahali pake. Ita machela.”

“Wanakuja. Wameona kutoka kwenye lifti. Mama Hedwig, mimi...”

“Yale matuta nilikuwa nayaweza, Gebhard.”

“Najua.”

“Nilitaka tu ujue kwamba nilikuwa nayaweza.”

Watu wa machela walipomshusha na kumpeleka hospitali ya mjini, Meinrad aliwaita walimu wote chumbani, akafunga mlango. Hakukaa. Alisimama na mikono nyuma, akaanza kusema kwa sauti ya mtu anayepanga viti.

“Mambo yako hivi. Bibi ni mtu mzima, alichanganyikiwa mteremkoni, akajipeleka mwenyewe barafuni. Hutokea. Na ski zake zilikuwa laini mno kwa hali ya leo. Nani alimpa?”

“Mimi,” alisema Gebhard.

“Aling'ang'ania mwenyewe, basi. Wateja wako hivyo. Luis, wewe ulikuwa juu. Uliona nini?”

Gebhard alimtazama Luis. Huyu ndiye aliyengoja nafasi yake kwa miaka, na neno moja lake lingetosha. Luis alikwaruza nta iliyokauka kwenye kucha.

“Jua lilikuwa machoni,” alisema. “Sikuona.”

“Na Brandis na wenzake?”

“Wao walikuwa juu, nyuma ya tuta,” alisema mwingine. “Hawawezi kujua nani alisema nini.”

“Basi,” alisema Meinrad. “Gebhard, pumzika siku mbili tatu. Kundi la kwanza ni lako.”

Nimewasikia watu wakisema walimu wale walikuwa waovu. Hawakuwa waovu. Walimpenda. Walifanya kile wanachofanya ndugu wengi: walimzungushia uongo kama blanketi, kila mmoja akashika pembe yake, hata yule aliyetamani kiti chake. Na hapo ndipo Gebhard alipobanwa kuliko alivyobanwa kati ya yale matuta. Mlimani angeweza kusema kwamba mwili ulikataa. Humu ndani hakuna kilichokataa. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya, na nafasi yake, wageni wake, vyumba vya Kreszenz, vyote vingebaki kama vilivyokuwa, na mwanamke aliyelala hospitalini angeandikwa kuwa ni mzee asiyejua aendako.

Meinrad alikuwa ameshafungua mlango.

“Alinifuata mimi,” alisema Gebhard.

“Kaa chini, Gebhard.”

“Nimekaa. Alinifuata. Nilimwahidi matuta, nikamchagulia ski za matuta, kisha nikampeleka barafuni kwa sababu mimi sikuweza kugeuka. Goti limekufa tangu vuli. Daktari aliniambia.”

“Unajua unasema nini? Kuna bima, kuna ofisi ya leseni. Kreszenz ana nyumba ya...”

“Kreszenz aliniambia nichukue fupi.”

“Kaka,” alisema Luis, na safari hii hapakuwa na mzaha. “Nyamaza basi. Nani amekuuliza?”

“Hakuna aliyeniuliza. Na yeye hayupo hapa kujibu.”

Aliyarudia maneno hayo hayo kesho yake mbele ya polisi wa bonde, na wiki iliyofuata mbele ya ofisi ya leseni, bila kuongeza kitu wala kupunguza. Alikwenda hospitalini pia. Hedwig alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia asante kwa kusema kweli, kisha akamwomba asirudi tena.

Wako watu hapa kijijini wanaosema mpaka leo kwamba ukweli wake haukumsaidia mtu, haukuiunga nyonga ya yule mama wala haukuyeyusha barafu. Ni kweli, haukuiunga. Ulimwondolea kosa mtu asiyelitenda, na hilo si dogo. Lakini mtu asijidanganye kwamba ukweli unaosemwa baada ya ajali unalipia ukweli uliofichwa kabla yake. Ule wa kabla ndio ungegharimu kidogo. Ungegharimu nafasi nne chanjani, wageni wa vyumba vya juu, na kicheko cha wiki moja.

Nyonga ya Hedwig Lohmeyer iliunga vibaya. Anatembea kwa mkongojo, na hajavaa ski tena. Gebhard alinyang'anywa leseni ya ualimu na hakurudishiwa. Goti alipasuliwa masika, likapona, likawa zima kabisa bila kazi ya kufanya. Wageni wa kundi la kwanza walihamia kwa Luis. Kreszenz alifunga vyumba vya juu mwaka uliofuata, na tangu hapo hufua mashuka ya hoteli kubwa iliyo karibu na daraja.